Dumu la Hakimu

Karatasi iliyobandikwa mlangoni ilikuwa fupi. Onésime aliisoma kutoka juu hadi chini, akarudia, na bado haikumwambia kitu. Nyumba ya Kukutania imefungwa. Ni kwa sababu ya ruzuku. Asanteni kwa kutuelewa. Basi. Haikusema itafunguliwa lini, wala mtu aulize wapi. Wala haikusema afanye nini baba aliyeamriwa na mahakama kumwona mtoto wake ndani ya nyumba hii, na si kwingine popote, ikiwa nyumba yenyewe haina mtu.

Ilikuwa Januari ya mwaka tisini na sita, na baridi ya Brussels ilikuwa ile ya kuingia mpaka kwenye meno. Ndani ya koti alificha mikate ya kukaanga aliyopikiwa na dada yake Mathilde, maana binti yake Jémima aliipenda ikiwa na joto. Mwaka uliopita alimchukua mtoto huyo kwenda naye Paris kwenye matanga ya shangazi bila kumwambia mama yake, na matanga yakawa ya wiki nzima, kama matanga yoyote ya watu wenye adabu. Mama mtu akaita polisi. Tangu hapo mahakama ilimruhusu amwone hapa tu, Jumamosi moja ndiyo, moja siyo, saa nne hadi saa sita, chini ya macho ya mkuu wa nyumba, Madame Annick. Nyumba ilikuwa ndogo, ya matofali, nyuma ya stesheni ya Gare du Midi, na chumba cha michezo kilinuka supu ya jirani. Onésime alianza kwa kuichukia. Siku hizi alilijua zulia lake kuliko alivyokijua kitanda chake.

Régine, mama mtoto, alitokea upande wa tramu, kamshika Jémima mkono. Alikuwa ametoka Uccle, alikokuwa akimtunza bibi mmoja mzee wa Kibelgiji na kulala hukohuko pamoja na Jémima.

“Iko fermé,” Onésime akasema huku akiutazama ukuta. Wawili hawa walikuwa na miezi mingi hawajasemeshana ila kupitia mawakili.

Régine aliisoma karatasi. Yeye alisomeshwa na masista, na Kifaransa hakikumpiga chenga. “Banasema subvention haijafika,” akasema.

“Subvention ya nani?”

“Ya État, ya serikali. Mi sijue zaidi.”

“Papa, uko na mikate?” Jémima akauliza.

Onésime akatia mkono ndani ya koti, kisha akausimamisha humohumo na kumtazama Régine.

“Hapana,” Régine akasema. “Maître, wakili wangu, alikataza. Inje ya nyumba, hapana.”

“Régine, ni mukate tu.”

“Leo ni mukate, kesho ni Paris.”

Akageuka na mtoto. Jémima alitembea kinyumenyume, macho kwa baba yake, mpaka mlango wa tramu ulipomfungia. Onésime alibaki amesimama na mikate kifuani, na alihisi joto lake likipungua kidogo kidogo.

Alikuwa angali hapo Madame Annick alipofika kwa gari kuchukua maua yake yasife kwa baridi. Mama huyu hakuwa na roho mbaya. Alimweleza polepole, kwa Kifaransa cha kumtafunia, kwamba mahakama hutuma watu tu. Anayelipa kodi, mishahara na mafuta ya kupashia nyumba moto ni wizara. Mkataba ulikwisha pamoja na mwaka, bajeti mpya haijatiwa saini, mafuta yalikauka Krismasi, na yeye mwenyewe Jumatatu anakwenda kujiandikisha kama mtu asiye na kazi.

“Na hakimu anajua?”

“Anajua. Lakini hakimu hana fungu la fedha.”

“Sasa nani mkubwa, hakimu au wizara?”

Madame Annick alifikiri huku akifunga mlango. “Hilo ni swali zuri,” akasema, na akampa chungu cha maua amshikie mpaka kwenye gari. Onésime akamshikia.

*

Mathilde alikuwa na kiti chake katika saluni moja ndani ya Galerie d’Ixelles, huko Matonge, mtaa wa Wakongomani, na huko ndiko matatizo ya ndugu yake yalikozungumzwa, mbele ya kila aliyekuja kusukwa. Hapakuwa na siri. Mwenye siri hakai Matonge.

Mwanamume pekee mwenye kiti cha kudumu humo alikuwa tonton Sylvestre, mjomba wa wote, ingawa kichwa chake hakikuwa na unywele wa kusuka. Huko Bukavu alikuwa karani wa mahakama, greffier kama alivyopenda kuitwa, na neno lolote la sheria lilimfanya aweke kikombe chini. Alimsikiliza Onésime mpaka mwisho, macho kayafumba.

“Bon,” akasema. “Ile ugonjwa minaijua. État hailipe, tribunal inalala. Alors, kwetu muntu mwenye procès, mwenye kesi, alifanyaka nini? Alileta papier, karatasi. Alileta bic ya kuandikia. Hakimu, juge, hana carburant, mafuta ya gari, unamutilia carburant, anafika, anakata maneno. Mi nilikuwa greffier miaka kumi na saba, dix-sept ans. Sijaonaka dossier ya kesi inatembea yenyewe.”

“Tonton, ile haiko corruption, rushwa?” Mathilde akauliza, mikono ikiendelea kusuka.

“Maman Mathilde, nisikilize. Corruption, unaleta usiku, mu enveloppe, mu bahasha, ju ukule haki ya mwenzako. Huyu ataleta mchana, kwa mulango ya mbele. Na hasemi, nipe mutoto. Anasema, fanyeni kazi. Ile ni respect.”

Wahenga husema mzoea punda hapandi farasi, lakini humo saluni hakuna aliyewahi kumwona huyo farasi. Wanawake waliitikia kwa vichwa. Mmoja alikumbuka mjomba wake aliyepeleka mishumaa ili hukumu isomwe jioni. Mwingine alikumbuka baba aliyepika ugali na samaki kwa jopo zima, na hakuna aliyeona ajabu. Onésime aliwasikiliza, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi alihisi kwamba kuna kitu duniani anachokielewa. Nyumba haina mafuta. Mafuta yanauzwa. Kuna haja gani ya kungoja saini?

“Na mazout, ile mafuta ya kupasha nyumba, nipeleke wapi?” Onésime akauliza. “Kule ku nyumba hakuna muntu.”

“Kwa juge,” Sylvestre akasema bila kusita. “Juge njo mwenye ordonnance, ile amri. Atatuma bantu bake.”

Saluni ikachanga. Mathilde alitoa zaidi ya wote, kisha akalalamika zaidi ya wote, na huo ndio upendo wake.

*

Jumatano asubuhi Onésime alivaa suti aliyoolea, akapanda kuelekea mahakamani. Jengo lilikuwa limezungushiwa vyuma vya wajenzi tangu siku aliyoshuka Gare du Midi kwa mara ya kwanza, na alipoviona moyo ukatulia. Mahakama maskini, alijisemea, inahitaji watu. Chini ya kwapa alibeba rimu za karatasi na boksi la kalamu. Mkono wa kulia ulikuwa na dumu la plastiki, limejaa.

“Hicho nini?” askari wa mlangoni akauliza.

“Mazout.”

“Ya nani?”

“Ya madame hakimu. Kule ni baridi.”

Askari akafungua kifuniko, harufu ikampiga, na hapo mambo yakaharibika kwa haraka ambayo Onésime hakuweza kuifuata. Mtu alipuliza filimbi. Mawakili waliovaa majoho meusi walisukumwa kwenye ngazi. Dumu lilichukuliwa na kijana aliyelishika mbali na tumbo lake. Onésime alikalishwa kwenye benchi, akaambiwa aweke mikono juu ya magoti ionekane, na mikono ikabaki hapo kama ya mtoto wa shule aliyechelewa.

Walimuuliza ametumwa na nani. Akajibu, na mahakama. Waliuliza tena, akajibu vilevile, maana ndiyo iliyokuwa kweli: mahakama imemwamuru amwone mtoto ndani ya nyumba, na nyumba ni baridi. Askari mmoja alicheka. Mwingine hakucheka, akaandika, na huyo ndiye aliyemtia hofu. Mama mmoja mfanyakazi wa usafi, Mkongomani waliyesali naye kanisa moja, alipita na ndoo yake. Onésime akamsalimu. Yule mama aliinamisha uso, akafuta mahali palipokwisha kufutwa, akaenda zake. Hilo lilimuuma kuliko filimbi.

Mchana walimwachia. Dumu lilibaki, na karatasi zilibaki. Alirudi kwa miguu, hakupanda tramu, maana aliona haya kunuka mafuta kati ya watu.

*

Barua ya mahakama ilifika wiki iliyofuata, ikimwita Onésime mbele ya hakimu, Mathilde akaisoma kwa sauti huku akisita mara kwa mara. Wakili wa Régine alikuwa anaomba ziara zisimamishwe moja kwa moja. Alisema baba huyu amejaribu kumnunua hakimu kwa zawadi, na tena ameingiza mafuta yanayowaka ndani ya jengo la umma. Mtu wa namna hiyo, alisema, si wa kuachiwa mtoto hata kwa saa mbili, hata mbele ya msimamizi.

“Suspendre,” Mathilde akarudia. “Maana yake hautamuona tena, Onésime. Hata ku ile zulia.”

Tonton Sylvestre alikuwa kwenye kiti chake. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. “Ulipita mulango gani?” akamuuliza Onésime.

“Ya mbele, tonton. Vile ulisema.”

“Mchana?”

“Asubui.”

“Alors mi sielewe,” mzee akasema, na ilionekana wazi kwamba haelewi kweli, na kwamba katika miaka yake yote ya kutoelewa Ubelgiji, hili ndilo lililomzeesha. Mathilde alikuwa amejiandaa kumtukana. Akamwongezea kahawa.

Onésime alitumia simu ya saluni kumpigia Felisia, dada wa Kitanzania ambaye mahakama ilimweka kuwa mkalimani wake. Kifaransa cha Onésime kilikuwa cha kupakua makreti sokoni Jumapili, cha bei na uzito. Mbele ya hakimu kilimkimbia.

“Kaka Onésime, pole sana,” Felisia akasema. “Ila mimi sitakuwepo. Malipo ya wakalimani yanatoka kwenye fungu lilelile la Nyumba, na limekwama. Sijalipwa tangu October, yaani hata nauli. Omba wakupangie tarehe nyingine.”

“Na nikiomba tarehe ingine, mutoto nitamuona lini?”

“Honestly, kaka, sijui. Hakuna anayejua.”

*

Chumba cha hakimu kilikuwa kidogo kuliko Onésime alivyotarajia, na chenye baridi. Hakimu, mama wa makamo, alikuwa na mafua. Alivaa skafu ya sufu juu ya joho, na leso iko tayari mkononi. Kwenye meza yake, mbele ya macho ya wote, zilikaa zile rimu za karatasi na boksi la kalamu. Régine alikaa upande wa dirisha na wakili wake, bwana mwenye tai ya rangi ya divai.

“Mkalimani yuko wapi?” hakimu akauliza.

Karani alimnong’oneza. Hakimu akafumba macho kidogo, kama mtu aliyeambiwa habari anayoijua. Akasema kesi inaweza kuahirishwa hadi Aprili. Wakili akasema vyema, ila mpaka Aprili ziara zisimame. Onésime alilikamata neno Aprili, akalikamata na lile neno la barua, suspendre, akasimama bila kuruhusiwa.

“Madame,” akasema kwa Kifaransa chake cha makreti, “papier, ni ya kazi. Mazout, ni ya mtoto. Mimi kununua hakimu, hapana. Hakimu bei gani?”

Alitaka kusema kwamba hakimu hana bei. Alijua mara moja kwamba halikutoka hivyo, kwa sababu wakili alitabasamu na karani akaacha kuandika. Alifikiria Jémima akitembea kinyumenyume, akaona kwamba sasa ndiyo imekwisha, na kwamba ameimaliza kwa mdomo wake mwenyewe.

Ndipo Régine alipoinuka.

Wakili alimgusa mkono, Régine akautoa. Alisema kwa Kifaransa, sauti ya chini, bila kumtazama Onésime. Onésime alisikia Bukavu, akasikia baba yangu, akasikia meza, na meza tena. Hakimu alimwinamia Régine kumsikiliza. Mara akauliza jambo, Régine akajibu, na hakimu akatia leso puani kwa muda ambao ulizidi mahitaji ya mafua.

Kisha Régine akamgeukia Onésime. Miezi yote hiyo alikuwa hajamtazama usoni.

“Nimemuambia papa yangu, wakati wa procès ya shamba, alibebaka meza,” akasema. “Juge alikuwa anaandikia ku magoti. Papa alileta meza, ule mwenzake wa procès alileta kiti. Juge akakaa ku kiti ya mwenzake, akaandikia ku meza ya papa. Hakuna mwenye alisema ni corruption. Nimemuambia, hata weye njo vile. Hauko mubaya. Uko muntu wa kwetu, basi.”

“Na ameuliza nini?”

“Ameuliza nani alishinda.”

“Nani alishinda?”

“Hakuna. Juge walimuhamisha. Meza ilibakia.”

Hakimu alizungumza kwa muda mrefu, na Régine alimtafsiria kwa kifupi, huku wakili wake akikusanya makaratasi kwa hasira. Mahakama haipokei vitu vya watu, hata kwa nia njema. Bwana achukue karatasi zake. Mafuta yamewekwa mahali na wazima moto, na yatarudishwa kwa utaratibu, ila utaratibu wenyewe bado haujulikani. Ziara hazisimamishwi. Amri inabaki kama ilivyo: Jumamosi, saa nne, kwenye Nyumba ya Kukutania.

“Lakini nyumba iko fermé,” Onésime akasema.

“Anajua.”

“Basi abadilishe fasi ya kukutania.”

Régine akauliza. Akasikiliza. Uso wake ukawa wa mtu anayejaribu kukunja shuka peke yake. “Anasema, ju ya kubadilisha, anahitaji rapport, ripoti ya nyumba. Na nyumba haina muntu wa kuandika rapport.”

“Donc nimeshinda ao nimeshindwa?”

Swali hilo halikutafsiriwa. Hata hivyo hakimu alionekana kulielewa, maana alitazama dirishani kabla ya kuita kesi nyingine.

*

Jumamosi Onésime alikwenda. Mathilde alimwambia ni wazimu kwenda kukaa mbele ya mlango uliofungwa. Papo hapo akamkaangia mikate, akamtwika na rimu moja ya karatasi kwa sababu zilikuwa zinajaza saluni. Karatasi ya tangazo ilikuwa ingali mlangoni, imelowa, wino umetiririka mpaka neno ruzuku halisomeki tena.

Alikaa kwenye ngazi. Amri ipo, nyumba haipo. Baba yupo, mtoto hayupo. Aliyageuza mambo hayo kichwani, hata moja halikusimama. Alijua tu kwamba akikosa kuja leo, siku moja mtu ataandika mahali fulani kwamba hakuja.

Saa nne ilikuwa haijafika vizuri alipoona koti jekundu la mtoto likivuka reli za tramu.

Régine alisimama mbele yake, anahema. Onésime hakuinuka, aliogopa hata kusogea.

“Maître anasema nini?” akauliza.

“Maître anasema inje ya nyumba, hapana.” Régine alipanda ngazi moja, akapanda nyingine, akafika kizingitini, akakaa, mgongo wake umeegemea mlango. Akamvuta Jémima akae kando yake. “Hii kizingiti ni ya nani? Ni ya nyumba. Donc tuko ku nyumba. Weye nawe panda. Pale chini ni barabara.”

Onésime akapanda. Furaha ilimjaa mpaka ikamtisha. Alikaa pembeni kabisa, nusu ya tako hewani, asije akagusa kitu kikavunjika. Akatoa mikate. Jémima alikula mmoja, akaweka mwingine juu ya goti, akafungua rimu, akatoa penseli mfukoni na kuanza kuchora kwenye karatasi nzuri za hakimu. Régine aligeuza uso kutazama barabara, kama alivyokuwa akifanya Madame Annick, ili baba na mtoto wawe peke yao.

“Papa, ju ya nini hatuingie?”

“Iko baridi mule ndani.”

“Lakini na hapa iko baridi.”

Onésime alimtazama Régine, naye Régine akamtazama. Dumu zima la mafuta lilikuwa limekaa kule mahakamani, halimpashi mtu.

Upepo uligeuka ukaja kwao moja kwa moja. Mtoto akaanza kutetemeka kidogo, penseli ikapotea njia. Régine alisogea upande wake, akamwambia Onésime, bila kumtazama, asogee naye, wamweke mtoto katikati. Onésime akasogea. Bega lake lilifika karibu na bega la Régine, kati yao kichwa cha mtoto kinachonuka mafuta ya nazi na mikate.

“Mupaka saa sita,” Régine akasema.

“Ndiyo.”

“Usizoee, Onésime.”

“Sizoee,” akasema, na akausogeza mkono wake juu ya karatasi ili upepo usiichukue.